Nguo Inayokinga Chumba

Neno kaharabu limesafiri mbali. Asili yake ya Kiajemi ni kinyakua-makapi, kwa kuwa utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ukisuguliwa kwa nguo, huvuta vipande vya majani makavu. Waarabu walilichukua neno hilo wakalifanya jina la umeme wote, na ndiyo maana ndugu zetu walioko Maskati hulipia kahrabaa kila mwezi. Kwetu, kaharabu ilibaki kuwa shanga, na umeme tukaupa jina la mwanga wa radi. Nalitaja neno hili kwa sababu kazi yangu hapa kaskazini mwa Uingereza inahusu kisa hichohicho cha kale: nguo, msuguano na makapi yanayovutwa.

Nafundisha sayansi ya vitambaa, na sehemu ya kazi yangu ni kupima nguo zinazovaliwa katika vyumba safi, yaani vyumba vya kutengenezea chipu za kompyuta na dawa za sindano. Katika chumba cha daraja la 5 la kiwango cha ISO 14644-1, mita moja ya ujazo wa hewa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 zenye ukubwa wa nusu mikroni au zaidi. Anayevunja sharti hilo kwa urahisi kuliko wote ni binadamu, kwani ngozi na nywele zake humwaga chembe kila anapojongea. Pamba nayo hutoa vumbi la nyuzi, kwa hiyo hutumika poliesta ya nyuzi ndefu zisizokatika. Lakini poliesta ikisuguliwa hukusanya umemetuli. Mtu huanza kuhisi cheche inapofika takriban volti 3,000, ilhali chipu nyingine huharibika chini ya volti 100, bila mwenye mkono kuhisi lolote. Dawa yake ni kufuma nyuzi za kaboni ndani ya kitambaa, kwa mistari au kwa miraba, ili umeme upate njia ya kutokea.

Nilipomweleza mama yangu, fundi cherehani wa Ng'ambo, Unguja, aliniuliza kwa simu, "Sasa nguo hiyo inamkinga nani, mwanangu?" Nikamjibu kwamba inakikinga chumba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mtu ndiye uchafu!" Sijapata kusoma maelezo mafupi na sahihi zaidi ya chumba safi.

Mama hukijua kitambaa kwa vidole: hukivuta, hukikunja, hukisugua sikioni. Maarifa hayo siyadharau, ila hapa hayafiki. Nyuzi za kaboni zilizokatika ndani ya mshono hazisikiki kwa kidole. Wala hali ya hewa ya Unguja isingetusaidia, kwa sababu unyevu wa pwani huutoa umemetuli kimyakimya, na kitambaa kibovu kikaonekana kizuri. Viwango vya Ulaya vya EN 1149 huagiza kupima katika nyuzijoto 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 25 tu, ukavu wa ndani ya nyumba zetu za baridi. Kitambaa hupimwa katika shida yake.

Hata vipimo navyo hutofautiana. Kimoja hupima ukinzani wa uso wa kitambaa, kingine hupima kasi ya umeme kupungua. Uzi ambao kaboni yake imefichwa kiini, ukazungukwa na poliesta, waweza kushindwa katika kipimo cha kwanza na kufaulu vizuri katika cha pili. Uzi uliopakwa kaboni juu hufaulu cha kwanza, lakini mpako waweza kuchubuka kwa kufuliwa. Dawa ya kupunguza umeme iliyonyunyiziwa tu ndiyo huondoka mapema zaidi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka mmoja muuzaji alituletea mavazi ya bei nafuu, pamoja na cheti kizuri. Mwanafunzi wangu wa uzamili akakisoma kwa makini: kipimo kilifanywa kwa kitambaa kipya, kabla ya kufuliwa hata mara moja. Akayafua mavazi tena na tena kama yatakavyofuliwa kazini, kisha akapima kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, kupitia mishono yote. Kitambaa peke yake kilistahimili kwa kiasi. Mishono haikustahimili, maana mistari ya kaboni ya kipande kimoja haikugusana tena na ya kipande cha pili. Vazi lilikuwa limegawanyika visiwa, na kila kisiwa kikibeba umeme wake.

Niliandika ripoti ya kuyakataa. Mavazi bora yalikuwa ghali karibu maradufu, na fedha zilitoka katika mfuko uleule unaolipia nauli za wanafunzi kwenda makongamano. Mwanafunzi yule alilijua hilo alipokuwa akipima, na hakulegeza namba hata moja. Mavazi yaliyonunuliwa yangali yanavaliwa. Yeye mwaka ule hakusafiri.