Barua pepe kwa njia ya BBS, na foleni tunayotaka kuifuta

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyoniletea mada ya leo.

Ofisini tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wahudumu wanaozunguka nyumba kwa nyumba hapa Eastlands: Kayole, Dandora, Umoja. Wanaandika hali ya kina mama wajawazito na watoto wachanga. Mhudumu akikosa intaneti, rekodi inakaa ndani ya simu yake na kutumwa baadaye. Sehemu hiyo ya foleni ndiyo inayotusumbua kuliko zote, na sasa kuna pendekezo mezani tuiondoe kabisa. Hoja yenyewe ni fupi: siku hizi Nairobi kila mtu ana intaneti. Mimi nikaombwa niandike maoni yangu.

Badala ya kuandika maoni, nikaanza kuchezea BBS. (Wanaonifahamu hawatashangaa.)

BBS ni nini kwanza?

Kwa wale waliozaliwa juzi kama mimi: BBS ilikuwa kompyuta moja, mara nyingi nyumbani kwa mtu, iliyounganishwa na simu ya mezani kupitia modemu. Unaipigia, unasoma ujumbe ulioachwa na wenzako, unaacha wako, unakata simu ili mwingine apate nafasi. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco aliandika programu ya BBS aliyoiita Fido, na mwaka huohuo BBS hizo zikaanza kupigiana simu zenyewe usiku, wakati gharama iko chini, na kubadilishana barua. Huo ukawa mtandao wa FidoNet.

Upande wa pili kulikuwa na vyuo vikuu na maabara, ambako watu walikuwa na barua pepe na pia Usenet, ule mfumo wa vikundi vya mjadala uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani. Dunia hizi mbili hazikuwa zinaongea. Anwani zao hazifanani, muundo wa ujumbe haufanani. Kwa hivyo watu wakajenga malango: kompyuta yenye mguu mmoja huku na mwingine kule, ikipokea ujumbe wa upande huu na kuuandika upya kwa lugha ya upande wa pili. Programu moja iliyofanya kazi hiyo iliitwa UFGATE.

Anwani kama za S.L.P.

Tuseme wewe uko kwenye FidoNet kwa namba 5:111/22.3. Hiyo 5 ni ukanda wa Afrika, 111 ni mtandao, 22 ni BBS yenyewe, na 3 ni kompyuta yako inayochukua barua kutoka BBS hiyo. Mtu wa intaneti alikuandikia hivi:

jina.lako@p3.f22.n111.z5.fidonet.org

Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu naifahamu. Ni ileile ya bahasha za utotoni: jina la mama, kwa kupitia Mwalimu Mkuu, jina la shule, S.L.P., Nairobi. Sisi Wakenya hatukuwahi kuletewa barua mlangoni. Ukiwa huna sanduku lako, unatumia la shule, la kanisa au la mwajiri wa mjomba, na barua inafika kwa sababu kuna mtu anayekufahamu na ambaye hupita posta.

Kutoka Fido kwenda intaneti ndiyo ilikuwa na vituko. Katika muundo wa FidoNet nafasi ya jina la mpokeaji ni baiti 36 tu. Anwani nyingi za barua pepe haziingii humo. Suluhisho lao: andika barua kwa mtu wa kubuni anayeitwa UUCP kwenye lango, halafu mstari wa kwanza wa barua yenyewe uwe "To:" na anwani halisi. Lango likiona UUCP, linajua kusoma mstari ule. Ni bahasha ndani ya bahasha.

Haya yalifanyika Nairobi pia

Nilidhani haya ni mambo ya Wamarekani na vyumba vyao vya chini. Kumbe la. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI, lenye makao yake hapa Nairobi, liliendesha kituo cha Fido ambacho mashirika mengine yalikitumia kupata barua pepe. Barua zilipita kwenye lango la GreenNet jijini London. Aliyelihudumia lango hilo kwa miaka mingi ni Karen Banks, ambaye mwaka 2013 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Intaneti kwa kazi hiyo na nyingine. Mradi mwingine, ESANET, uliunganisha kwa njia hiyohiyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Kule Addis Ababa, Nancy Hafkin na wenzake wa PADIS, chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, walikuwa wanafanya vivyo hivyo.

Kumbuka kwamba watoa huduma wa kwanza wa intaneti kamili Kenya walianza mwaka 1995. Kwa hivyo kwa miaka kadhaa kulikuwa na watu Nairobi waliokuwa na barua pepe, waliojadiliana na wenzao Harare na London, bila kuwa na intaneti hata dakika moja! Waliunganishwa kwa simu ya mezani na subira.

Nilimweleza habari hizi mzee jirani yetu wa Buruburu aliyefanya kazi kwenye shirika moja miaka hiyo. Hakulijua jina Fido.

"Sisi tulikuwa tunaiita barua ya jioni," akaniambia. "Unaandika kwa WordPerfect, unaweka kwa disketi, unampa sekretari. Asubuhi unakuta majibu yamechapishwa kwa trei yako."

"Sasa mzee, hiyo si ilikuwa polepole?"

"Polepole kuliko nini, kijana wangu? Barua ya Uingereza ilikuwa wiki mbili. Na kupiga simu huko ulikuwa unaomba ruhusa kwa mkurugenzi."

Hapo nikanyamaza.

Jaribio langu

BBS bado zipo, ila siku hizi unazifikia kwa intaneti. Nikafungua akaunti kwenye moja ya Marekani inayoendeshwa kwa Synchronet, programu ya bure ya Rob Swindell. Yenyewe ina lango la barua pepe na la vikundi vya mjadala. Nikaunganisha kompyuta na simu yangu pale nyumbani Umoja, nikaingia kwa SyncTERM, na kioo kikajaa rangi za mwaka 1992.

Nikajiandikia barua pepe kutoka BBS kwenda kwenye anwani yangu ya kawaida. Ikafika. Nikajibu kutoka huko, jibu likafika BBS. Sawa, lakini raha yenyewe ilikuja nilipojaribu QWK.

QWK ni muundo wa faili uliobuniwa na Mark Herring mwaka 1987. Badala ya kusoma ujumbe ukiwa hewani huku simu inakula pesa, unaiambia BBS ikufungie kifurushi cha ujumbe wote mpya katika vikundi unavyovifuata. Unakipakua, unakata, unasoma kwa nafasi yako. Majibu yako yanafungwa kwenye kifurushi kingine chenye jina linaloishia na REP, unakipakia siku nyingine. Kila kitu humo ndani kimebanwa: vipande vya baiti 128, nafasi ya jina herufi 25.

Kifurushi changu cha kwanza kilikuwa chini ya kilobaiti mia moja, na kilinitosha safari mbili za matatu ya Umoja hadi tauni, data ikiwa imezimwa. Nilisoma mjadala wa comp.misc huku tumekwama Jogoo Road. Nikaandika jibu tukiwa bado tumekwama. Jioni nikapakia REP, na kesho yake mtu ambaye sijui hata yuko nchi gani akawa amenijibu. Kwake yeye mimi ni mshiriki kama wengine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba huyu alikuwa ndani ya matatu, bando limezimwa.

Hilo ndilo lililonigusa. Lango lilimfanya mtu asiye hewani awe mwanachama kamili wa mazungumzo.

Tatizo la nakala

Msinielewe vibaya, malango yalikuwa na maradhi yake. Msimamizi wa kila kituo angeweza kusoma barua yako. Faili kubwa zilikataliwa, maana kuna mtu aliyelipia ile simu. Na baya zaidi ni nakala. Kikundi cha Fido kikiunganishwa na kikundi cha Usenet kwa malango mawili tofauti, ujumbe unaweza kutoka kwa lango la kwanza, ukarudi kwa la pili ukionekana mpya, ukazunguka tena na tena.

Dawa ilikuwa ya aina mbili. Jeff Rush wa Dallas, aliyeanzisha mijadala ya pamoja ya FidoNet katikati ya miaka ya 1980, aliweka ndani ya kila ujumbe orodha ya vituo vilivyokwisha kuuona. Usenet kwa upande wake iliupa kila ujumbe kitambulisho cha kipekee tangu unapoandikwa, na seva ikikutana na kitambulisho inachokijua, inautupa. Lango zuri ni lile lililohifadhi kitambulisho hicho wakati wa kutafsiri. Lango bovu lilitoa kipya.

Nilisoma hapo nikasimama, nikaenda kufungua msimbo wetu wa ofisini.

Foleni yetu hutuma rekodi, na seva ndiyo inayotoa namba. Simu ikituma na mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi, inatuma tena, na seva inatoa namba nyingine. Mama mmoja wa Dandora anaonekana wawili. Malalamiko tunayopata mengi ni hayo! Tumekuwa tukisema foleni ndiyo mbaya, kumbe tuna lango bovu. Watu wa Fido na Usenet walilimaliza tatizo hili kabla sijazaliwa.

Na ile hoja ya kila mtu ana intaneti?

Nenda Kayole saa nane mchana umuulize mhudumu ana bando kiasi gani. Simu anayo, mnara upo juu ya jengo la jirani, lakini bando la siku liliisha saa nne. Au yuko chumba cha ndani ghorofa ya chini, kati ya majengo yaliyobanana mpaka jua halifiki, na mawimbi hayafiki pia. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu siku moja, hata wenye faiba ya nyumbani walijua maana ya kungoja.

Mhudumu huyo tukimfutia foleni, ataona duara linazunguka, atafunga simu, ataandika kwa karatasi akipata karatasi. Yule mama ambaye miguu imevimba na kichwa kinamuuma hatoonekana kwenye orodha ya kesho ya wanaopaswa kufuatiliwa. Hakuna seva itakayotoa ripoti ya kosa, kwa sababu hakuna kilichotumwa.

Kwa hivyo maoni yangu hatimaye niliyaandika, ukurasa mmoja, mambo matatu. Moja, kila rekodi ipewe kitambulisho ndani ya simu, pale inapoandikwa, na seva ikikiona mara ya pili isifanye lolote zaidi ya kusema asante. Mbili, rekodi zifungwe pamoja na kubanwa kama kifurushi cha QWK, ili zipite hata kwa bando la shilingi tano. Tatu, mhudumu aone waziwazi ni rekodi ngapi zimefika na ngapi bado zinangoja, kama mzee wa Buruburu alivyojua kwamba barua yake iko kwa sekretari.

Mkutano ni Jumanne. Mkuu wa idara hajasema ndiyo wala hapana. Ameniuliza tu itachukua siku ngapi, nami nikamwambia kumi. Foleni yenyewe iko tayari, ni kuirekebisha.

Haya, bando langu linakaribia kuisha. Hii naiandikia nje ya mtandao, nitaipandisha usiku.