"Ukurasa wa ngapi?" Mama, kijana wake na uchawi wa vitabuni

Mama mmoja mzaliwa wa Shinyanga, ambaye sasa anaishi Salt Lake City katika jimbo la Utah nchini Marekani, ana sababu ya kutolipenda neno uchawi. Alilisikia akiwa mtoto, miaka ya 1990, likitajwa kwa sauti ya chini kumhusu bibi jirani aliyekuwa na macho mekundu. Mtu yeyote aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, alikuwa na macho kama yale. Lakini mwaka ule ndama walikufa, mtoto wa nyumba ya pili akaugua, na watu wakaanza kukisia. Wanawe walimhamisha usiku kwa mkokoteni. Hakurudi tena.

Bibi yule alikuwa na bahati. Kanda ya Ziwa wapo wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo, na wapo watu wenye ualbino waliouawa kwa sababu ya imani za kishirikina.

Kwa hiyo jioni moja alipomsikia mwanawe wa miaka 15 akizungumza na wenzake kwenye simu, akilirudia neno hilo kwa furaha kama anayesimulia mpira, alizima jiko ili asikie vizuri. Kijana alikuwa anasema uchawi wa dunia moja unaweza kufanya kazi kwenye dunia nyingine. Mwenzake alikuwa anakataa. Mezani palikuwa na daftari lenye mishale, majina ya metali, na namba 16 iliyozungushiwa wino mwekundu.

Mama alimpigia kaka yake aliyeko Mwanza. Jibu la mjomba lilikuwa fupi: "Mnyang'anye hivyo vitabu, dada. Kesho utakuta hirizi chini ya mto."

Hakumnyang'anya. Kwa miaka miwili mtoto huyo alikuwa hasomi chochote kwa hiari yake ila ujumbe wa simu, na sasa alikuwa anabeba kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000. Mama aliona afadhali aulize kwanza, anyang'anye baadaye kama itabidi.

Vitabu vyenyewe

Mwandishi anaitwa Brandon Sanderson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1975, anayeishi na kufundisha uandishi hukohuko Utah. Riwaya yake ya kwanza, Elantris, ilitoka mwaka 2005. Mwaka uliofuata ikaja Mistborn, mwaka 2009 Warbreaker, na mwaka 2010 The Way of Kings. Kila moja ina dunia yake, watu wake na nguvu zake za ajabu, na mtu anaweza kuisoma peke yake akaridhika.

Ila ukisoma nyingi, unaanza kuona kwamba zimeunganishwa. Yupo mtu mmoja, Hoid, anayepita kitabu hadi kitabu, mara ombaomba, mara msimulizi wa hadithi. Taratibu msomaji anagundua kwamba dunia zote ziko katika ulimwengu mmoja unaoitwa Cosmere, na kwamba nguvu moja kuu ya kale ilivunjwa vipande 16, vikachukuliwa na watu 16. Uchawi wa kila dunia unatokana na vipande hivyo.

Wapenzi wa vitabu hivi ni wengi. Mwezi Machi 2022 Sanderson aliomba wasomaji wachangie uchapishaji wa riwaya nne alizoziandika kwa siri, wakatoa zaidi ya Dola milioni 41. Na mazungumzo yao makubwa hayahusu nani atamwoa nani. Wanabishana uchawi unafanyaje kazi.

"Hakuna cha bure, Mama"

Kijana alianza kumweleza na Mistborn. Katika dunia ile, wapo watu wanaomeza vipande vidogo vya metali na kupata nguvu kutokana navyo. Bati hunoa macho na masikio. Chuma huvuta vitu vya metali, na chuma cha pua huvisukuma. Zinki huchochea hisia za watu.

"Sasa sikiliza, Mama. Ukisukuma sarafu iliyo hewani, inaruka. Ukisukuma nanga ya meli, unaruka wewe, kwa sababu nanga ni nzito kuliko wewe."

Mama huyo alisoma fizikia hadi kidato cha nne. Aliitambua kanuni ya tatu ya Newton ikiwa imevaa nguo za hadithi.

Kisha kijana akamweleza uchawi wa pili wa dunia hiyohiyo, wa watu wanaohifadhi vitu ndani ya metali. Anayetaka nguvu za mwili kesho lazima akubali kuwa dhaifu leo. Anayetaka afya ya ziada wiki ijayo lazima augue wiki hii.

"Akiba," alisema mama.

"Nini?"

"Hiyo ni akiba. Unajinyima leo ule kesho. Si uchawi huo, ni kikoba bila wanachama."

Kijana alicheka hadi akaegemea friji. Kisha akaliandika neno akiba kwenye daftari.

Sanderson mwenyewe ana kanuni anazozifundisha kwa waandishi wenzake. Ya kwanza ni kwamba uchawi usitumike kumwokoa mhusika kama msomaji hajaelewa unavyofanya kazi. Ya pili ni kwamba mipaka ya nguvu ina maana zaidi kuliko nguvu yenyewe. Ndiyo maana wasomaji wake wanaweza kukisia. Pasipo na sheria hakuna la kukisia, kwani lolote linaweza kutokea.

Nionyeshe umeona wapi

Kilichomshangaza mama zaidi ni jinsi vijana wale walivyobishana. Kila mmoja akitoa dai, mwingine anauliza: "Ukurasa wa ngapi?" Asiyeweza kutaja ukurasa anachekwa, na dai lake linawekwa kando.

Kijana akampa mfano unaojulikana sana kwa wasomaji hao. Katika Words of Radiance, kitabu cha mwaka 2014, yupo mwalimu wa upanga mwenye tabia moja: misemo yake imejaa rangi. Katika dunia ile watu hawasemi hivyo. Lakini waliosoma Warbreaker waliijua dunia nyingine ambako rangi ndiyo kuni ya uchawi. Wakasema, huyu mwalimu si wa hapa, ametoka kule, na tunamjua jina. Mwishoni mwa kitabu hichohicho ukatokea upanga unaozungumza, uleule wa Warbreaker. Walioshika misemo ya rangi hawakushangaa.

Na namba 16 kwenye daftari? Katika kitabu cha kwanza cha Mistborn, wajuzi wa dunia ile wanaamini metali zenye nguvu ni kumi, na mtu mmoja anadai ipo ya kumi na moja. Kufikia kitabu cha tatu, cha mwaka 2008, msomaji anajua ni 16. "Wakubwa walikuwa wamefundishwa vibaya, Mama. Aliyehesabu mwenyewe ndiye aliyeona pengo."

Mwandishi naye hawalishi majibu. Anapoulizwa swali asilotaka kulijibu, humpa aliyeuliza kadi ndogo yenye maana ya "soma, utajua". Wasomaji huzitunza kadi hizo kama zawadi. Mama alilipenda jambo hilo. Nyumbani kwao mtoto aliyeuliza sana aliambiwa anyamaze. Huyu anaambiwa aendelee kutafuta.

Swali la makato

Kulikuwa na ubishi mmoja ambao kijana na wenzake walishindwa kuumaliza. Katika Warbreaker kila mtu huzaliwa na Pumzi moja, ambayo anaweza kumpa au kumuuzia mwingine, na upanga ule hula Pumzi. Katika dunia ya The Way of Kings hakuna Pumzi za namna hiyo. Kuna nuru inayoletwa na dhoruba kubwa, na watu huihifadhi ndani ya vito vilivyozibwa kwenye gololi za kioo. Gololi hizo ndizo fedha yao. Upanga ulipofika huko, ukala nuru ya dhoruba. Kumbe nguvu ni ileile, imebadilika sura tu. Kama ni hivyo, je, nguvu yoyote inaweza kugeuzwa kuwa nyingine?

Mama alikuwa anakunja nguo. Kila mwisho wa mwezi hutuma fedha Shinyanga, na anajua dola inapoondoka Utah na shilingi inapofika kwa mama yake si sawasawa.

"Na makato je?" aliuliza.

"Makato gani?"

"Ukibadilisha fedha, lazima kuna anayekata. Hiyo Pumzi ikigeuka nuru, inapungua? Na ikipungua, inakwenda kwa nani?"

Kijana alinyamaza. Kisha akapiga simu kwa wenzake, na mama akasikia jina lake likitajwa kwa heshima ambayo hajawahi kupewa kwenye kikao cha wazazi.

Kuhusu kuuza Pumzi, hata hivyo, hawakuelewana. Kijana aliona ni biashara ya kawaida, muuzaji hafi. Mama alisema aangalie ni nani wanaouza. Katika kitabu kile maskini ndio wanaouza, hata Pumzi za watoto, na matajiri ndio wanaozikusanya na kuziona rangi vizuri zaidi. "Anayeuza kwa sababu ana njaa," alisema, "hajauza, amekamuliwa." Waliubishania wiki nzima.

Macho tu?

Ilikuwa baada ya ubishi huo ndipo mama alipomsimulia kijana habari za bibi mwenye macho mekundu. Hakuwa amewahi kumwambia. Kijana amezaliwa Marekani, na Kiingereza chake kina maneno mawili, moja la hadithi na jingine la mtu anayedhuru wenzake. Katika Kiswahili cha mama yake yote mawili yalikuwa neno moja, na neno hilo lilikuwa na mkokoteni ndani yake.

Kijana alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali analowauliza wenzake kila siku.

"Ushahidi ulikuwa nini?"

"Macho."

"Macho tu?"

"Na ndama."

"Kuna aliyeuliza kuhusu moshi?"

Mama alisema hakuna. Watu wazima zaidi ya mia, na mwenyekiti, na walimu wawili, na hakuna aliyeuliza kuhusu moshi. Walikisia, na kila aliyekisia aliungwa mkono na aliyekisia kabla yake.

Hapo ndipo alipoiona tofauti aliyokuwa akiitafuta tangu siku ya kwanza. Tangu mwanzo aliogopa kwamba mwanawe anacheza na kile kilichomfukuza jirani yao. Kilichomfukuza jirani yao kilikuwa kukisia bila kudaiwa ukurasa, na mwanawe alikuwa anajifunza kudai ukurasa.

Haina maana kwamba vitabu hivi ni vya kila mtoto. Vina vita, utumwa na mauaji, na uchawi wa tatu wa Mistborn ni wa kuiba nguvu za mtu kwa kumpigilia msumari mwilini. Mama amemwambia mdogo wa kijana huyo, mwenye miaka tisa, asubiri. Kazi za shule bado zinatangulia, na saa nne usiku simu inawekwa sebuleni, ubishi uwe umekwisha au haujaisha.

Mjomba wa Mwanza naye hajaridhika. Kila akipiga simu huuliza kama hirizi imeonekana. Safari iliyopita kijana aliichukua simu, akamwamkia shikamoo, kisha akamuuliza kwa adabu: "Mjomba, uliwahi kumwona mchawi mwenyewe, au uliambiwa?" Mjomba alicheka, akasema mtoto huyu atakuwa wakili. Lakini hakujibu.

Mfululizo ulioanza na The Way of Kings umepangwa kuwa na vitabu kumi. Cha tano kilitoka Desemba 2024. Sanderson huandika haraka, lakini hata hivyo vitano vya kwanza vilichukua zaidi ya miaka 14. Swali la makato limeandikwa kwenye daftari, lina tarehe na jina la aliyeuliza, na pembeni yake kijana ameacha nusu ukurasa mtupu kwa ajili ya jibu. Huenda jibu litakapopatikana atakuwa na watoto wake mwenyewe.