Sehemu ya 4: Picha niliyoifuta

Mama zangu, na nyie baba vijana mnaosoma kimyakimya, nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa nina kikombe cha chai mkononi. Wengi mnaniuliza: "Nesi, mbona huposti vichanga wa wodini kama manesi wengine? Si ungepata wafuasi wengi?" Leo najibu, na jibu lenyewe linaniaibisha kidogo.

Miaka kadhaa nyuma, kabla sijahamia Mikumi, nilitaka jina. Nilikuwa nimesikiliza mafunzo ya kwenye simu ya namna ya kujitangaza ukiwa mtaalamu: posti kila siku, onyesha kazi yako, watu wanataka kuona uhalisia. Nikasema uhalisia si ndo huu ninaoamka nao kila siku?

Wodini tulikuwa na mama mmoja wa kutoka upande wa Ulaya. Ulaya yetu ya Kilosa jamani, si ile ya kupanda ndege. Alikuwa na mtoto njiti, kilo 1.4, anambeba kifuani ngozi kwa ngozi, ile tunayoita kangaruu. Nikamwomba nimpige picha. Akaitikia kwa kichwa. Uso wake haukuonekana, ni kitenge tu na kichwa cha mtoto. Nikaandika "Shujaa wetu wa kilo 1.4", nikaposti. Hadi jioni simu ilikuwa inalia tu. Nilijiona nimefika.

Kesho yake nikamkuta analia. Mama mkwe wake alikuwa amepiga simu. Picha ilikuwa imezunguka mpaka kwa ndugu aliyeko Dar, akakitambua kitenge, akaituma nyumbani. Kule wakauliza, "Mbona huyo mtoto kama kifaranga?"

Yule mama alikuwa ameshazika watoto wawili. Huyu wa tatu alikubaliana na mumewe wasimtangaze kwa mtu mpaka aongezeke uzito. Ule ukimya ndio uliokuwa unamtuliza, na mimi niliuvunja ili nipate sifa.

Nikamwambia, "Dada yangu, si nilikuomba ukakubali?" Akanijibu taratibu: "Sista, ningekataaje? Wewe ndiye ulikuwa unamnywesha mwanangu maziwa kwa kikombe."

Mpaka leo hilo jibu halijanitoka. Mtu aliyelala kitandani, mtoto wake yuko mikononi mwako, ukimwomba kitu atasema ndiyo. Ndiyo ya hivyo ina woga ndani yake. Siri ya mgonjwa nilifundishwa chuoni, nikaifanyia mtihani, nikafaulu. Lakini siku hiyo ndo niliielewa.

Nilimwomba radhi, nikaenda mwenyewe kwa muuguzi mfawidhi kueleza nilichofanya, nikafuta picha. Kwangu ilifutika. Kwenye simu za watu je? Huko sina mkono. Mtoto, namshukuru Mungu, aliruhusiwa akiwa amefikisha uzito mzuri.

Nilikaa miezi mitatu bila kuposti chochote. Nikajiuliza: nikiwatoa wagonjwa kwenye ukurasa wangu, mimi nabaki na nini? Nikaona nabaki na ninachokijua.

Posti ya kwanza niliyorudi nayo ilikuwa ya ORS. Niliona kinamama wengi wanapima maji kwa chupa ya dukani ya lita moja na nusu, wanatia pakiti moja, dawa inakuwa nyepesi. Nikapiga picha chupa yangu, nikaichora alama pale lita moja inapofika. Nikaeleza: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, ikipita saa 24 mwaga iliyobaki, endelea kunyonyesha, na vidonge vya zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Mtoto akishindwa kunywa, akilegea, macho yakizama au choo kikiwa na damu, usibaki kunisoma mimi, kimbia kituo cha afya.

Wiki chache baadaye niko stendi ya Mikumi, mama muuza vitunguu ananitazama. "We si ndo nesi wa chupa?" Abiria wakageuka, nadhani wengine walijua mimi mlevi! Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi. Jina hilo sikulichagua. Nilipewa na mtu ambaye mtoto wake alikuwa amekunywa ORS iliyopimwa sawasawa.

Na jina likishakua, wanunuzi wanakuja. Nimewahi kuahidiwa hela nzuri tu nisifie maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Nilikataa. Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, inayozuia kuyatangaza maziwa hayo kwa umma. Na hata isingekuwepo, ningekuambiaje Jumatatu umnyonyeshe mtoto miezi sita bila kumpa kitu kingine, halafu Jumanne nikuuzie kopo?

Sasa nyie. Ukiona nesi au daktari mtandaoni, usihesabu wafuasi. Angalia: anaanika wagonjwa? Kila ushauri wake unaishia kwenye bidhaa anayouza? Anajua kusema "hili nenda hospitali"? Hapo utamjua.

Na ukiwa wodini mtu akinyanyua simu, hata akiwa amevaa sare kama yangu, una haki ya kusema "hapana, asante", na huduma yako isipungue hata tone. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ukishindwa kusema mwenyewe, mwachie mumeo au mama yako aseme. Nesi mwenye akili hatanuna.

Yule dada sijui kama ananisoma. Kama unanisoma, mwanao ni wa kwako, na hadithi yake ni ya kwako. Ndiyo maana hapa sijataja jina, mwaka wala rangi ya kitenge.

Sehemu ya 5 tutaongelea homa ya usiku: lini usubiri kuche, na lini umwamshe bodaboda. Lala salama, mpe mtoto ziwa.