Nyoka Akikuuma, Uliza Kwanza: Ni Njaa ama Ni Uoga?

Wasee, leo naongea kuhusu nyoka. Usitoroke, hawezi kukutokea kwenye simu.

Binamu yangu anaishi California. Mwaka juzi, wiki ileile niliyoacha chuo, alinunua mtoto wa nyoka mfalme: mweusi, pete nyeupe mwili mzima, mwembamba kama penseli. Akamwita Ugali. Kule ndiko kwao, na watu wengi huwafuga. Hawana sumu. Ufalme wameupata kwa kula nyoka wenzao, hata wale wenye kayamba mkiani, maana sumu yao haiwawezi. Ndiyo sababu kila mmoja hukaa peke yake. Weka wawili, na kesho unaweza kukuta mmoja, ameshiba.

Hapa Kenya usiokote nyoka ukafuge. Bila kibali cha KWS hiyo ni kesi. Mimi nilikuwa mtazamaji tu, usiku, kwa simu, mlango nimefunga ili Buda asiniulize maswali.

Wiki ya kwanza binamu hakumgusa kabisa. Maji, mahali pa kujificha, joto upande mmoja wa sanduku, basi. Alingoja ale kwanza. Alipoanza kumshika, ilikuwa vita. Mtoi anatingisha mkia, anauma, anampaka uchafu unaonuka vibaya. Nikasema, "Msee, huyo ni mkorofi, mrudishe."

Akacheka. "Si mkorofi. Ni mdogo, na huko porini kila mtu humla. Ananiona mimi ni mwewe."

Alimshika dakika tano tu, kila baada ya siku kadhaa, akimwinua kutoka chini, si kumvamia kwa juu. Akiumwa, hakumrudisha papo hapo, nyoka asije akajifunza kwamba kuuma kunalipa. Alingoja atulie kwanza. Akishakula, hamgusi siku mbili. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, yaani anakaribia kuvua ngozi na haoni vizuri, anamwacha kabisa.

Miezi ikapita, uoga ukaisha. Halafu siku moja Ugali, sasa mkubwa, akamuuma kidole na kung'ang'ania. Hakutingisha mkia, hakuonya. Nikasema, "Si nilikwambia?"

Kumbe hiyo ilikuwa hadithi nyingine. Binamu alikuwa ameshika panya wa kumlisha na hakunawa mikono. Nyoka mfalme ni mlafi; mkono ukinuka chakula, ni chakula. Hapo upole hausaidii. Dawa ni sabuni, na kumgusa taratibu kwa kijiti cha ndoano kabla ya kumtoa, ajue si saa ya kula.

Hapo ndipo nilielewa. Kuuma ni kulekule, lakini sababu ni mbili, na ukikosea sababu unakosea dawa.

Nyumbani, mimi na Buda tulikuwa tumeumana karibu mwaka mzima. Kila jioni, chai ikimiminwa tu: "Kijana, utarudi shule lini?" Mimi najibu kwa kubamiza mlango. Niliamini yake ni njaa, kwamba anataka digrii yangu aende kujigamba nayo kijijini. Mpaka usiku mmoja nikamsikia akimwambia mathe kwa sauti ya chini, "Nikifa leo, huyu atakula nini?"

Ulikuwa uoga. Na wangu pia. Nilibamiza mlango kwa sababu niliogopa kwamba ako sawa.

Kesho yake nikajaribu dakika tano. Akauliza swali lake, sikukimbia. Nikamwonyesha pesa za video zilizoingia M-Pesa.

Akavaa miwani. "Hii ni ya wiki?"

"Ni ya mwezi, Baba."

Hakucheka. Lakini hakuinuka pia. Tulimaliza chai. Siku hizi tunafika dakika kumi, kumi na tano, na ikianza kuwa moto nangoja itulie kabla ya kuondoka.

Binamu husema Ugali hampendi. Ameacha tu kumwogopa, na kwa nyoka hiyo ni kazi kubwa. Sidhani Buda amekubali maisha yangu. Ila juzi, akikoroga sukari, aliuliza, "Na yule nyoka wa California, bado anauma?"

Nikamwambia, "Mara chache, Baba. Mara chache."