Pete na Kifundo

Wahenga walisema ya kwamba chanda chema huvikwa pete. Walisema kweli, lakini hawakutuambia ni pete ya kadiri gani. Methali huuliza habari za wema wa chanda. Sonara huuliza habari za unene wake, tena huuliza kwa milimita. Swali hili la pili hudhaniwa kuwa dogo. Mimi nimeliona kuwa kubwa, kwa sababu chanda hakina unene mmoja.

Tazama mkono wako, kijana msomaji. Kidole ni kama nchi yetu ya Taita: kina bonde na kina kilima. Bonde ni pale shinani ambapo pete hukaa, na kilima ni kifundo cha katikati ambacho pete haina budi kukipita kabla ya kufika bondeni. Basi kila pete hudaiwa mambo mawili yasiyopatana. Hutakiwa kuwa pana ya kutosha kuvuka kilima, na hutakiwa kuwa nyembamba ya kutosha kutulia bondeni. Kwa vijana wengi kilima ni kifupi, na ngozi hujikunja kidogo ikairuhusu pete kupita, kwa hiyo hawalioni tatizo. Kwa wazee kilima hukua.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulizoezwa kuanza somo kwa kitu kinachoshikika. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi, uuzungushe kifundoni, utie alama ya kalamu pale mwanzo unapokutana na mwisho, kisha uunyoshe juu ya rula. Huo ndio mzingo. Fanya vivyo hivyo shinani. Gawanya kila mzingo kwa 3.14 nawe utapata kipenyo. Waingereza huzitaja saizi za pete kwa herufi, Wamarekani kwa tarakimu zao wenyewe, na kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8653 huutaja mzingo wa ndani kwa milimita. Kwangu njia hii ya tatu ni bora kuliko zote, maana mwenye uzi na rula hahitaji jedwali.

Walakini usipime mara moja ukaridhika. Pima alfajiri, na upime tena adhuhuri. Mwili ukipata joto, mishipa midogo ya mikononi hutanuka ili damu ipeleke joto kwenye ngozi. Maji kidogo hutoka mishipani yakakaa katika nyama, na kidole kikavimba. Baridi hufanya kinyume chake. Mtu wa Wundanyi, aliko mama yangu, huamka ukungu ukiwa bado juu ya migomba akaona pete inacheza kidoleni. Akipanda matatu akashuka Voi, ambako mimi nasomesha, ifikapo adhuhuri pete ile ile humwuma. Safari yote ni ya asubuhi moja, na pete haikubadilika hata kwa kadiri ya unywele.

Nimemtaja mama kwa kuwa yeye ndiye aliyenitia katika elimu hii. Pete yake ni ya fedha, bapa, upana wake milimita 4, nayo ilifuliwa Mombasa kabla mimi sijazaliwa. Baba ndiye aliyemvika, na baba amekwisha kufariki. Miaka michache iliyopita maradhi ya viungo yalimshika mama mikononi, na siku moja kidole kilivimba hata pete ikazama katika nyama. Muuguzi aliitoa kwa uzi. Aliupitisha mwisho wa uzi chini ya pete kwa sindano butu, akauzungusha uzi uliobaki juu ya kidole, mzunguko ukigusana na mzunguko, mpaka akapita kifundo. Kisha akaushika ule mwisho wa chini akaanza kuufungua polepole, na kila mzunguko uliofunguka uliisukuma pete hatua moja mbele. Naliitazama kazi ile kwa mshangao. Hakuna msumeno uliotumika wala tone la damu lililotoka.

Uvimbe wa nyama ulishuka baada ya juma moja. Kifundo hakikushuka, kwa maana si nyama iliyoongezeka bali mfupa wenyewe ulikuwa umepanuka. Pete iliyotoka kwa uzi haikuweza kurudi kwa mafuta wala kwa sabuni. Mama akaifunga katika pindo la leso, pamoja na noti zake, na kila alipofungua pindo kutoa nauli au sadaka ilimlazimu kuiona.

Nilimpima kwa karatasi. Kifundo kilikuwa na mzingo wa milimita 66, na shina milimita 57. Tofauti ni milimita 9 za mzingo, yaani karibu milimita 3 za kipenyo. Pete ya 66 ingevuka kilima, kisha ingezunguka bondeni kama bangili na kuanguka ndani ya sufuria. Pete ya 57 ingetulia bondeni vizuri sana, kama ingepata ndege ya kuipeleka huko.

Nilipomwambia mama ya kwamba dawa yake labda ni kukatwa na kutiwa namna ya kupanuka, alinitazama kwa macho makavu.

“Usiikate,” akasema. “Pete ikikatwa, mwanangu, watu husema ndoa imekatwa. Ndoa yangu mimi aliikata Mungu, haikukatwa na msumeno.”

Maneno hayo yaliniwekea mpaka. Niliyapeleka, pamoja na vile vipimo viwili, kwa wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, nikawagawia waya wa shaba nyekundu na wa shaba ya manjano, nikawaomba wanitengenezee pete inayofuata kidole badala ya kidole kuifuata pete.

Wengi walianza na lililo jepesi: waya uliokunjwa na kuachwa wazi, wenye mwanya kati ya ncha zake. Pete za namna hii huuzwa kwa wingi sokoni, na muuzaji husema zinamfaa kila mtu. Sikuzipenda, na tulipozivaa kwa juma moja tulijua sababu. Ncha huminya ngozi mkono unapokunja ngumi. Tena mama husuka vikapu vya mkonge, na hakuna kitu kipendacho mwanya kama unyuzi wa mkonge. Wengine walipishanisha ncha, moja ikalala kando ya nyingine, ili mwanya usionekane. Hapo macho yaliridhika, bali maadini hayakuridhika. Pete hiyo hupanuliwa kwa kupindwa, na kila inapopindwa huwa ngumu zaidi. Tuliufunga waya wa shaba ya manjano katika jiliwa, tukaupinda huku na huku tukihesabu kwa sauti. Mara ya 11 ulivunjika. Fedha nayo ina tabia hiyo hiyo. Sonara huirudishia ulaini kwa kuipasha moto mpaka iwake wekundu hafifu, lakini mama hawezi kupasha pete moto kila jioni kabla ya kulala.

Msichana mmoja, aketiye karibu na dirisha, alikuwa amevaa kikuku cha uzi mkononi. Akaninyoshea. “Mwalimu,” akasema, “hiki hakipindwi. Kinateleza.”

Kikuku kile kilikuwa na mafundo mawili, kila mwisho wa uzi umefungwa juu ya mwili wa mwisho wa pili. Ukivuta mafundo yaachane, kikuku hupungua, ukiyakaribishanisha, hupanuka. Hakikatiki wala hakichoki. Baadaye niliwaonyesha darasa picha za vitu vya Dola ya Rumi ya kale, ambamo mna bangili na pete za waya zilizofungwa kwa werevu huo huo, ncha ikizungushwa juu ya mwili wa mwenzake. Walifurahi, ingawa yule msichana alinung'unika kwamba Warumi wamemwibia. Tangu siku hiyo tuliacha neno la kupinda tukashika neno la kuteleza.

Lakini pete ya mama si waya. Ni bapa, na bapa haifungiki fundo. Likizo ya Aprili nilimchukua mama tukaenda kwa sonara mmoja katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mzee yule alisikiliza yote, akapima kidole kwa pete zake za kupimia, akapata hesabu ile ile ya karatasi yetu. Shauri lake la kwanza lilikuwa kuipanua pete hata kufikia 66, kisha kulehemu punje mbili za fedha ndani yake, upande wa kiganja. Punje hizo hupita kifundoni bila taabu kubwa, na zikifika shinani hujaza nafasi na kuizuia pete isizunguke. Ni dawa njema, na kwa mtu mwingine ningeisifu. Ila haifuati baridi na joto. Tena kuongeza milimita 9 kwa kuigonga pete pekee kungeifanya nyembamba kama ganda la kitunguu. Ingebidi kuikata na kutia kipande. Mama akaifunga tena katika leso.

Sonara hakukasirika. Aliiomba aiangalie tu. Akaishika kwa koleo, akaipasha moto kidogo, akamwonyesha mama. Mahali pamoja juu ya mviringo palitokea mstari mwembamba, rangi yake imefifia tofauti na fedha nyingine.

“Mama, hapa ndipo ilipozaliwa,” akasema. “Sisi hatuchongi pete kutoka kwenye jiwe. Tunafua ukanda, tunaukunja, na ncha zake tunaziunga kwa lehemu. Pete hii ilikuwa wazi kabla hujaivaa. Lehemu huyeyuka mapema kuliko fedha. Nikiipasha moto itajifungua yenyewe, wala sitaigusa kwa msumeno.”

Mama aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Akauliza kama baba aliuona. Sonara akajibu kwamba aliyeifua bila shaka aliuona, na aliyeinunua huenda asiuone, kwa maana kazi nzuri huuficha. Mama akacheka, nami sikumsikia akicheka kwa habari ya pete ile tangu siku ya uzi. “Basi ifungue,” akasema.

Nilimweleza fundi habari ya kikuku cha uzi, naye akalitafsiri neno la kuteleza kwa lugha ya bapa. Chini ya ncha moja alitia ulimi mwembamba wa fedha, urefu wake milimita 14. Chini ya ncha ya pili alijenga ala, kama ala ya kisu, ambamo ulimi ule huingia. Milimita 9 ni za kutoka, na 5 hubaki ndani ili ulimi usipotee njia. Pete ikikaa shinani, ncha hukutana kama zamani na mwanya hauonekani. Ikivuka kifundo, ncha huachana, na ulimi hulala kati ya mwanya na ngozi, hata nyama isiminywe. Juu ya ulimi aliinua kipele kidogo, na katika ala akatoboa matundu mawili, moja kwa mzingo wa 57 na moja kwa 59, ili kipele kinase.

Jambo moja nililipenda kuliko yote, na niliwaeleza wanafunzi kwa kirefu. Ulimi ule fundi aliugonga kwa nyundo ukiwa baridi, makusudi, ili uwe mgumu na wenye kuruka kama kamani. Ugumu ule ule uliovunja waya wetu darasani sasa uliajiriwa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo hakuulehemu; aliufunga kwa ribiti mbili ndogo, maana moto wa lehemu ungeurudishia ulaini na kazi ya nyundo ingepotea bure.

Mama huyaita matundu yale kwa majina: tundu la Wundanyi na tundu la Voi. Amevaa pete hiyo majira yote manne ya mvua na kiangazi yaliyopita tangu wakati huo, na nyuzi za mkonge hazijaikamata. Haina ukamilifu. Unga wa ugali na sabuni huingia alani, na kila Jumamosi yeye huketi kibarazani akausafisha kwa sindano, akilalamika kwamba pete ya zamani haikuhitaji kuogeshwa. Kifundo nacho hakijaacha kukua. Nilipokipima mara ya mwisho kilikuwa 67, na ulimi sasa hutoka milimita 10 na kubaki 4 ndani.

Wanafunzi wangu wamechora ulimi wa milimita 17 na ala yenye tundu la tatu. Fundi, nilipompigia simu, aliukubali ulimi akalikataa tundu. Asema ala ni nyembamba na kila tundu huidhoofisha. Yule msichana wa kikuku amemwandikia barua akiuliza kwa nini basi asiongeze unene wa ala kwa nusu milimita upande wa kiganja, ambako hakuna aonaye. Tunangojea majibu yake.