Nafasi ya Ualimu Si Ng'ombe wa Mnada

Katika milima ya Taita, mahali ambapo migomba hupandwa karibu na mlango na mashamba ya mboga hushuka kama ngazi mpaka bondeni, yuko mzee mmoja mkulima ambaye zamani alikuwa mwalimu mkuu. Baba yake naye alikuwa mwalimu, na binti yake ni mwalimu. Basi katika nyumba moja zimekusanyika hati tatu za ualimu, lakini njia ya kupata kazi kwa hati hizo haikuwa moja. Mwenye kuzisikia habari za nyumba hiyo atafahamu mengi juu ya nafasi za kazi katika shule za umma, jinsi zinavyotolewa, na jinsi watu wanavyoweza kuziharibu.

Mwishoni mwa mwaka 2022, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilitangaza nafasi zaidi ya 30,000 katika nchi nzima ya Kenya. Tangazo hilo lilisomwa katika kila nyumba yenye mwalimu asiye na kazi, na nyumba hizo zilikuwa nyingi, kwa maana walimu walioandikishwa lakini hawajaajiriwa na Tume walipita 300,000. Haikupita juma moja, mgeni akabisha hodi kwa mzee. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye viatu safi ingawa njia ilikuwa na matope. Alipokwisha kunywa chai alisema kwamba anawajua wakubwa, na kwamba barua ya kazi ya binti ingeweza kupatikana kabla ya usaili, ikiwa mzee angetoa fedha kadiri ya bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Mzee alikuwa na ng'ombe watatu.

Mgeni alipoondoka, mzee hakulala. Binti yake alikuwa amemaliza chuo cha ualimu mwaka 2013. Tangu hapo alikuwa akifundisha katika shule ya karibu kwa ujira mdogo uliochangwa na wazazi, na katika miezi ambayo wazazi hawakuwa na kitu, naye hakupata kitu. Miaka kumi karibu ilikuwa imepita. Je, baba mwenye ng'ombe zizini ana haki gani kumwacha mwanawe azeeke katika kungoja?

Katika usiku huo mzee alimkumbuka baba yake. Huyo alianza kufundisha katika miaka ya 1950, chini ya misheni. Wakati ule kulikuwa na Halmashauri za Elimu za Wilaya, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1934, lakini katika shule nyingi aliyekuwa na neno kubwa juu ya mwalimu alikuwa mmisionari mwenye kusimamia shule. Kazi haikutangazwa. Mchungaji alimtazama kijana kanisani, akauliza habari za wazazi wake, akaandika barua. Wengi walioandikiwa barua hizo walikuwa watu wema na walimu hodari, wala si haki kuwadharau. Lakini barua iliyotolewa na mtu mmoja yaweza pia kuondolewa na mtu mmoja. Mwalimu aliyeoa mke wa pili, au aliyekosana na mzee wa kanisa, aliweza kukuta asubuhi kwamba hana kazi. Tena mishahara na masharti hayakuwa sawa: huyu aliajiriwa na misheni, yule na halmashauri, mwingine na Serikali yenyewe, nao wote wakafundisha hesabu ile ile.

Kwa sababu hiyo walimu waliungana. Chama cha Kitaifa cha Walimu cha Kenya kilianzishwa tarehe 4 Desemba 1957, na dai lake kubwa lilikuwa kwamba walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Yalifuata mabishano na migomo, mpaka Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoanza kazi tarehe 1 Julai 1967. Mzee alikumbuka jinsi baba yake alivyosema siku hizo kwamba sasa mwalimu amekuwa mtumishi wa nchi, si mtumishi wa mtu.

Yeye mwenyewe alimaliza chuo mwaka 1984. Hakuomba kazi wala hakuulizwa swali. Walimu walitakiwa sana, na aliyehitimu alipangiwa shule kwa barua ya Tume, akaenda na sanduku lake. Alidhani mambo yatakuwa hivyo daima. Lakini mwaka 1998 Serikali, kwa uzito wa gharama za mishahara, ilisimamisha kuajiri walimu wapya. Vyuo havikufungwa, viliendelea kutoa wahitimu kila mwaka, nao wakarudi nyumbani na vyeti vyao. Walimu walipoanza kuajiriwa tena mwaka 2001, ilikuwa ni kujaza mapengo tu ya waliokufa, waliostaafu au walioacha kazi, na uchaguzi ukashushwa: shule za sekondari kwa magavana wa shule, na shule za msingi kwa halmashauri za wilaya. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, watoto wakamiminika madarasani, lakini idadi ya walimu haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Hivyo shule zilikosa walimu, na walimu wakakosa shule, kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo mzee alipofikia kumbukumbu ambayo hakuwa akiitaka. Katika miaka ile, akiwa mwalimu mkuu, aliwahi kuitwa kusaidia katika kuchagua walimu. Alikuja kijana mmoja kutoka mbali, amevaa shati lililofuliwa mpaka rangi imekwisha. Vyeti vyake vilikuwa bora kuliko vya wenzake, na alikuwa amengoja muda mrefu. Alama zilipojumlishwa, jina lake lilikuwa katika wale wa kuchukuliwa. Baada ya chakula cha mchana orodha ilirudi imeandikwa upya, na mahali pa kijana yule palikuwa na jina la jamaa ya mkubwa mmoja. Mwalimu mkuu aliona. Alishika kalamu, akatazama dirishani, akatia sahihi. Hakupokea hata senti moja, na kwa muda mrefu alijifariji kwa jambo hilo. Lakini sasa, gizani, alifahamu kwamba mwizi huhitaji pia mtu wa kunyamaza.

Yeye naye alipata kuonja ukali wa amri. Mwaka 2018 Tume ilipohamisha wakuu wengi wa shule kutoka kaunti zao za kuzaliwa, alipelekwa mbali na nyumbani. Alinung'unika, kwa kuwa mke wake alibaki peke yake na shamba. Na kwa kweli wengi waliumia, hata baada ya 2022 Tume ikaanza kuwarudisha walimu makwao. Lakini alikiri moyoni kwamba amri ile ilikuwa na sababu. Mkuu wa shule anayekaa katikati ya ndugu na wakwe huona vigumu kukataa. Alistaafu mwaka 2020, akarudi kwenye migomba yake.

Asubuhi alimwita binti yake, akamweleza yote, hata habari za kijana wa shati lililochakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka. Binti alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Baba, kama ungeuza ng'ombe, ningeingia darasani nikiwa nimekalia kiti cha mwenzangu. Watoto wangeniita mwalimu, nami ningejua nilivyoitwa."

Mzee akamwuliza, "Na kama hupati?"

"Basi nitakuwa sijapata, baba. Lakini sitakuwa nimeiba."

Mgeni aliporudi alikuta ng'ombe wote watatu malishoni, akaambiwa kwa adabu kwamba nyumba hiyo haina biashara naye. Alikwenda kwa majirani ng'ambo ya bonde, akapokelewa. Barua aliyowaletea ilikuwa na muhuri mzuri, lakini mwana wao alipoipeleka ofisini iligunduliwa kuwa ya uongo. Shamba lililowekwa rehani kwa ajili yake halijakombolewa.

Yafaa hapa kueleza taratibu ilivyo, kwa maana walaghai hupata chakula chao katika ujinga wa watu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 237, imeipa Tume kazi ya kuwaandikisha walimu, kuwaajiri, kuwapangia shule, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha na kuwaadhibu. Nafasi hutangazwa hadharani. Mwombaji hupeleka maombi bila kulipa ada yoyote, kisha huitwa kuonyesha vyeti vyake halisi, pamoja na cheti cha kuandikishwa na Tume. Alama hutolewa kwa daraja la masomo, na pia kwa mwaka wa kuhitimu, ili aliyengoja zaidi asipitwe na aliyemaliza jana. Majina hupangwa kwa kufuata alama. Mwenye malalamiko huyapeleka kwa maandishi kwa Tume. Hakuna katika taratibu hizi mlango wa mgeni wa jioni.

Binti alikwenda kwenye usaili na vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki kwa ajili ya mvua. Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwa la kumi na nne, na nafasi zilikuwa tisa. Angaliweza kuomba kuwa mwalimu wa mafunzo ya kazi, ambaye katika shule ya msingi alipewa shilingi 15,000 kwa mwezi, lakini alikuwa na mtoto wa kulea. Alirudi katika shule ya wazazi. Mzee aliona aibu kukutana na macho yake, kwa kuwa alikumbuka kwamba ng'ombe bado wapo.

Nafasi zilipotangazwa tena mwaka 2024, alipeleka maombi. Mwaka mmoja zaidi wa kungoja ulikuwa umemwongezea alama, na wengine waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuajiriwa. Mara hii jina lake lilikuwa la tatu. Alipelekwa katika shule ya nchi ya chini, upande wa nyika, ambako jua ni kali na ndovu hupita usiku karibu na mashamba. Darasa la nne halikuwa na mwalimu wake tangu mwaka uliotangulia.

Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Watu husema "nafasi" kana kwamba ni mali ya mwenye kuipata; lakini kila nafasi ni chumba chenye watoto ambao hawana mwalimu. Nchi iliona hayo kwa uchungu katika kaunti za kaskazini mashariki. Tarehe 22 Novemba 2014 wauaji walisimamisha basi karibu na Mandera, wakaua watu 28, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Mwanzoni mwa 2020 walimu waliuawa tena katika kaunti ya Garissa, na Tume ikawaondoa walimu wasio wenyeji wa sehemu hizo. Nafasi zilikuwa tele huko, wala hapakuwa na mtu wa kuzinunua. Waliolipa bei walikuwa watoto waliobaki wakitazama ubao usioandikwa.

Ikiwa ni hivyo, anayeuza nafasi hauzi barua. Huuza saa za masomo ya watoto wa watu, na mara nyingi huwauzia mwalimu aliye hafifu kuliko yule aliyefukuzwa mlangoni. Naye mkulima anayetoa ng'ombe wake hununua kwa mwanawe kazi, na kwa wajukuu wa jirani zake hasara.

Haisemwi kwamba njia ya sasa haina dosari. Mtu kungoja miaka kumi na mmoja ili afanye kazi aliyosomea, hali madarasa yana pengo, ni jambo la kusikitisha, na dawa yake ni fedha za kuajiri walimu zaidi. Lakini subira ya foleni iliyo wazi ni afadhali kuliko wepesi wa mlango wa nyuma, kwa kuwa katika foleni maskini ana mahali pake. Walimu wa zamani walipigania mwajiri mmoja ili kazi isiwe zawadi ya mtu. Kazi hiyo yaweza kupotea tena, si kwa sheria mpya, bali kwa kalamu inayotia sahihi huku macho yakitazama dirishani. Wenye kuketi katika kamati za shule, makarani wanaoandika orodha, na wazazi wenye mifugo zizini, wote wana sehemu katika kuilinda.

Barua ya binti ilipofika, mzee aliisoma kwa sauti mbele ya nyumba, na majirani wakasikia, pamoja na wale wa ng'ambo ya bonde waliokuwa wamekuja kusaidia kuvuna. Hakuna aliyeuliza bei yake. Kisha mzee akaikunja, akaiweka katika sanduku pamoja na barua ya Tume ya mwaka 1984 na ile ya mchungaji iliyokwisha kuwa ya manjano, akaenda kukama ng'ombe.