Bibi Titi Mohamed: Sauti Iliyobaki Jina la Barabara

Kila siku watu wa Dar es Salaam hupita kwa maelfu katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, inayoambaa na viwanja vya Mnazi Mmoja. Kwa vijana wengi jina hilo ni la foleni na vituo vya basi. Mwenye jina alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000, na wale waliomsikia akihutubia kwa masikio yao wanazidi kututoka. Kabla hawajaisha, tumzungumzie kwa kirefu kidogo.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika nyumba ya Kiislamu iliyoshika dini. Baba yake hakupenda binti aende shule ya serikali. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka akapate elimu ya msingi. Akavunja ungo, akawekwa ndani kama mabinti wenzake wa enzi hizo, akaozwa angali mdogo.

Mjini alijulikana kwanza kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na kwenye maulidi alikuwa akisoma kasida. Wanawake wa mjini siku zile walikuwa na vyama vyao. Humo walichangiana harusi na misiba, walishindana kwa tungo na sare, na kila chama kilikuwa na viongozi wake waliosikilizwa. Serikali ya kikoloni haikuona siasa ndani ya ngoma.

TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alikuja mgeni, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Mume wa Bibi Titi wakati huo, Boi Selemani, alikuwa dereva wa teksi na mwanachama mwenye kadi namba 15. Kadi namba 16 ilikuwa ya mkewe. Mwanamke huyo, ambaye hakuwa amewahi kusimama jukwaani kwa siasa, ndiye aliyekabidhiwa kitengo cha wanawake.

Hakungoja ofisi wala bajeti. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, akaongea nao kwa lugha yao, nao wakaleta watu wao. Alibisha hodi kwa wauza vitumbua, kwa wapika pombe, kwa kina mama waliokuwa hawatoki ila kwa buibui na ruhusa ya mume. Aliwakumbusha kwamba wanaume wote wanaotamba mjini wamezaliwa na wanawake, basi uhuru nao hauwezi kuja bila wao. Kabla mwaka 1955 haujaisha, wanawake walikuwa wamejiunga kwa maelfu. Kisha akazunguka mikoani pamoja na kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, akihutubia umati wa wanaume na wanawake, Waislamu na Wakristo. Dini yake haikumzuia kusimama mbele ya watu. Kwa jinsi nionavyo, ndiyo iliyomfundisha kusimama, kwa maana maulidini ndipo alipozoea kuinua sauti na kuitikiwa.

Uhuru ulipatikana 1961. Alikuwa mbunge wa Rufiji, akaingia serikalini kama waziri mdogo, na ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1965 alipoteza kiti cha Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, likamkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu. Oktoba 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimwachia huru.

Alirudi uraiani, lakini jina lake halikurudi. Kwa takriban miaka 20 mama aliyekusanya umma hakutajwa hadharani, na watoto wa shule walisoma habari za kupigania uhuru bila yeye. Ilipofika 1991, katika kuadhimisha miaka 30 ya uhuru, ndipo magazeti ya chama yalipomtaja tena kuwa shujaa. Mwaka 1984 alikuwa ameshasimulia maisha yake kwa Susan Geiger, mwanahistoria kutoka Marekani. Simulizi hiyo, iliyotoka kinywani mwake kwa Kiswahili, ilichapishwa 1997 kwa Kiingereza. Hilo linaniuma. Mzee huyu alikuwa mjini kwetu, mlango wake tunaujua, na aliyekuja kukaa naye na kumwandika alitoka ng'ambo ya bahari.

Leo wanawake wanakaa bungeni kwa wingi ambao mwaka 1955 usingedhanika, na tangu tarehe 19 Machi 2021 nchi inaongozwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Tushukuru. Lakini kuna kitu tumekipoteza njiani. Zamani kiongozi mwanamke alifuata wenzake walipo, kwenye ngoma, maulidini, uani kwa jirani. Siku hizi wanawake huletwa kwa mabasi, wakiwa na sare za khanga, kumsikiliza kiongozi aliyeketi jukwaa kuu. Bibi Titi aliketi mkekani na wenzake kwanza, jukwaa likafuata. Nguvu yake ilitoka hapo.

Sisemi alikuwa hana kasoro. Ugomvi wake juu ya Azimio la Arusha wenye kutaka wataujadili, na kesi ya uhaini ya 1970 ina maandishi yake. Ninalosema ni kwamba taifa lililokula matunda ya jasho lake lilimsahau mapema mno, na bango la barabara halitoshi kulipa deni hilo. Walimu, wasimulieni wanafunzi nani alikuwa mwanachama mwenye kadi namba 16. Nanyi wenye bibi waliokuwa wanawali mwaka 1955, waulizeni leo, kwa Kiswahili, na muandike wanayosema. Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi, na atupe sisi uungwana wa kuwataja waliotutangulia.